Mbadala wa Nini? Uwekezaji Mbadala Ukitazamwa Kutoka Uvira

Katika vitabu vya fedha, "uwekezaji mbadala" ni jina la mali isiyokuwa hisa, hatifungani wala fedha taslimu: majengo, mashamba, dhahabu, mifugo, kampuni ambazo haziuzwi sokoni. Sisi wa Kitivo cha Lugha tuna haki ya kuuliza swali ambalo wachumi hulipita haraka: mbadala wa nini? Kongo haina soko la hisa. Mkazi wa Uvira anayetaka hisa atazame Nairobi, Dar es Salaam au Kigali. Kwake yeye nyumba ya Mulongwe, mtumbwi wa Kalundu na ng'ombe wa milimani ndio uwekezaji wenyewe. Hisa ndizo mbadala. Jina limebeba harufu ya mahali lilikozaliwa.

Neno la pili nalo lina matata. Jumla ya mali za mwekezaji Wafaransa huiita portefeuille, yaani pochi, na kwetu neno hilo limekwisha kuwa la siasa, kwa kuwa tuna Wizara ya Portefeuille inayosimamia kampuni za Serikali. Hapa nitasema mkoba.

Mwaka 1952 Mmarekani Harry Markowitz alitoa makala iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Alionyesha kwamba hatari ya mkoba haitokani tu na hatari ya kila mali peke yake. Inatokana pia na jinsi mali hizo zinavyopanda na kushuka pamoja. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumbwi huleta dola 40 wiki nzuri na sifuri wiki mbaya, na wiki hizo ni nusu kwa nusu. Mwenye mitumbwi miwili hupata 80 au sifuri. Mwenye mtumbwi mmoja na chumba cha kupangisha kinacholeta 20 kila wiki hupata 60 au 20. Wastani wa wote wawili ni 40, lakini mmoja hulala njaa na mwingine halali njaa.

Mitumbwi miwili haisaidiani kwa sababu bosi wao ni mmoja: mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu ya kuwavuta. Ziwa zima hukosa siku zilezile. Lakini chumba nacho tukiangalie vizuri. Ikiwa mpangaji ni mchuuzi wa samaki, atashindwa kulipa wiki ileile mtumbwi unaporudi mtupu. Mkoba unaonekana una vitu viwili, kumbe ni kimoja chenye majina mawili. Kwa maoni yangu hili ndilo somo gumu zaidi katika jambo hili zima, na fomula haisaidii kama hujui nani analipa kodi yako na anaitoa wapi.

Kwa nini wazee wetu walikimbilia ng'ombe na matofali? Hawakuhitaji Markowitz. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafla, na waliozificha nyumbani wakabaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Aliyekuwa na ng'ombe bado alikuwa na ng'ombe.

Hata hivyo mali ya namna hii ina udanganyifu wake. Bei ya ng'ombe haitangazwi kila asubuhi, kwa hiyo anaonekana mtulivu kuliko hisa; utulivu huo ni ukimya tu. Siku ya kuuza kwa haraka ndipo bei ya kweli hujulikana. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na maelfu ya nyumba za Uvira zikabomoka, kisha maji ya ziwa yakapanda na kuingia mitaa ya pwani. Huko milimani, mapigano yaliyoanza 2017 yameondoa makundi mengi ya ng'ombe. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, watu wengi wa Uvira walivuka kwenda Burundi. Nyumba, mtumbwi na duka havikubebeka. Wakati wa vita vitu vyote hushuka pamoja. Hilo si la kwetu peke yetu: mfuko wa Chuo Kikuu cha Yale, uliosifiwa duniani kwa uwekezaji mbadala, ulipoteza karibu robo ya thamani yake katika mwaka ulioishia Juni 2009.

Kiswahili husema mshika mbili moja humponyoka, na wapo wanaodhani methali hii inapinga kutawanya mali. Mimi naona inataja gharama yake. Kila mali mpya inadai macho, na mvuvi anayelinda shamba Ruzizi halindi nyavu.

Shangazi yangu huuza ndagala, naye yumo katika likelemba ya wanawake kumi na wawili. Nilimwuliza kwa nini humo mna mwalimu, mshonaji na mwuza makaa. Akanijibu kwamba wauza samaki hawazidi wanne, ni sharti lao. "Tukiwa wote wa samaki, mwanangu, mbalamwezi nani atatoa?" Zamu za kupokea nazo hazipangwi kwa kura: wiki ya mwezi mpevu hupewa mmoja wa wale wanne.