Mafuta Yaliyobanwa na Kazi ya Mhandisi

Katika gereji za Magomeni, fundi mmoja huinua lori kwa jeki. Siri yake ilielezwa na Blaise Pascal wa Ufaransa katika karne ya 17: kanieneo katika kimiminiko kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Pistoni yenye eneo la sentimita 2 za mraba ikibanwa kwa uzito wa kilo 50, ile ya sentimita 100 za mraba huinua kilo 2,500.

Basi nguvu hupatikana kwa urahisi. Kazi ya mhandisi ni kuzitawala. Tutazame kituo cha Kidato, kilichoanza kuzalisha umeme wa maji mwaka 1975. Jioni, taa zinapowashwa Dar es Salaam, tabo, yaani gurudumu lizungushwalo na maji, huelekea kupunguza mwendo. Kidhibiti huhisi upungufu huo na kufungua vali. Mafuta yaliyobanwa husukuma milango ya maji mpaka umeme urudi kwenye mizunguko 50 kwa sekunde.

Chembe ya uchafu yaweza kuikwamisha vali hiyo. Kwa hiyo kijana aitakaye kazi hii ajue kwamba, pamoja na hesabu, atatumia miaka mingi akichuja mafuta, akikagua vali na kuandika vipimo.