Oveni Haina Miguu

Machi 2025 mama mmoja anayeuza mandazi na chapati karibu na steji ya Kongo, Kawangware, Nairobi, aliniita nimsaidie kupanga mkopo. Alitaka oveni ya gesi yenye trei nne, ya shilingi 130,000, aanze kuoka mikate na keki za kuuzia vioski vya jirani. Nusu ya pesa ingetoka kwenye chama chake cha akiba. Tulipima kona ya kibanda kwa kamba tukaona itaingia. Kwenye daftari la shule la mwanawe tukaandika gharama za unga, gesi na mshahara wa kijana wa kumsaidia. Hesabu zilikubali. Kwa jinsi alivyokuwa akiuza, oveni ingejilipa ndani ya miezi kumi.

Nilirudi Julai, baada ya maandamano na uporaji mjini. Kibanda hakikuwa kimeguswa na mtu, hata kikombe hakikuvunjika. Lakini pesa za chama zilikuwa zimegeuka mlango mpya wa chuma, na zilizobaki zilikuwa unga na sukari katika magunia madogo madogo ambayo mtu mmoja anaweza kuyabeba. Nilipoulizia oveni alifuta mikono kwa leso, akaniangalia. "Ndugu yangu, oveni haina miguu. Siku wakija nitaibeba vipi?"

Kazi yangu ni kupitia hesabu za wafanyabiashara wadogo, kuanzia barabara ya Luthuli hadi mtaa wa Kangemi, na kuwaeleza benki huangalia nini kabla ya kukopesha. Tangu siku ile nimekuwa nikiirudia kauli ya huyu mama, kwa sababu hasara yake haimo katika takwimu yoyote. Hakuibiwa wala hakuchomewa. Yeye ameacha tu kuanza.

Tunapohesabu gharama za vurugu za kisiasa huwa tunahesabu vilivyovunjika. Juni 25, 2025, vijana waliporudi barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, maduka kadhaa katikati ya jiji yaliporwa na mengine yakachomwa. Julai 7, siku ya Saba Saba, ambayo kumbukumbu yake inaanzia mapambano ya vyama vingi ya 1990, polisi walifunga barabara za kuingia mjini na Moi Avenue ikawa kimya kama usiku wa manane. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu zaidi ya watu 30 waliokufa nchini siku ile. Hakuna duka linalolingana na hata mmoja wao, na sitaki makala hii ya hesabu isomeke kama kwamba naweka bidhaa na roho za watu kwenye mizani moja. Lakini waliobaki hai wana kodi ya nyumba ya kulipa na watoto wa kulisha, na njia inayowafikishia umaskini inafaa kueleweka.

Tuanze na hesabu ya kibanda. Chukua mfano wa kijana anayeuza vifaa vya simu katika mojawapo ya majengo ya vibanda yaliyogawanywa kama sega la nyuki pale barabara ya Tom Mboya. Tuseme anauza bidhaa za shilingi 12,000 kwa siku, na katika kila shilingi 100 anabaki na faida ghafi ya 20. Hiyo ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi. Kodi ya kibanda ni 30,000, msaidizi analipwa 15,000, umeme, ulinzi na leseni vinakula 5,000. Anabaki na 12,400.

Sasa ondoa siku tano. Faida ghafi inashuka hadi 50,400. Mwenye jengo hapunguzi kodi kwa sababu ya maandamano, na msaidizi bado anakula. Kijana anabaki na shilingi 400 kwa mwezi mzima wa jasho. Amepoteza chini ya moja ya tano ya siku zake za kazi, na karibu kipato chake chote kimeondoka nazo. Mwaka 2023, muungano wa upinzani wa Azimio ulipoitisha maandamano ya Jumatatu na Alhamisi, mtu wa Tom Mboya aliyefunga siku zote mbili kila wiki alikuwa akila mtaji wake kabla mwezi haujaisha.

Wakati huo Muungano wa Sekta ya Kibinafsi, KEPSA, ulikadiria kwamba nchi ilikuwa ikipoteza takriban shilingi bilioni 3 kwa kila siku ya maandamano. Takwimu hiyo ilizunguka sana, na mimi huitumia kwa tahadhari, kwa sababu si kila mauzo yaliyokosekana yamepotea. Mtu aliyekuwa anunue pasi au televisheni Jumatatu atakuja Jumatano, kwa hiyo pesa yake imechelewa tu. Lakini chakula cha mchana ambacho hakikuliwa leo hakiliwi mara mbili kesho. Kiti cha kinyozi kilichokaa kitupu hakilipwi fidia, wala safari ya matatu namba 46 kutoka Kawangware ambayo haikufanyika. Mama mboga ana shida kubwa zaidi, kwa kuwa sukumawiki ya jana ni takataka ya leo. Ndiyo maana wanaouza vitu vya siku ileile, ambao mtaji wao ndio mdogo kuliko wote, huumia kuliko wauza majokofu. Ukiwajumlisha wote katika hizo bilioni 3, tofauti hiyo inapotea, na pamoja nayo inapotea sababu ya mtu wa Kangemi kulala njaa huku mwingine akiahirisha tu mauzo yake.

Jiwe likirushwa Kenyatta Avenue, athari yake huchukua siku mbili kufika magharibi mwa jiji. Inasafiri kwa njia ya mali kauli, yaani mali unayopewa kwa neno lako ukalipe ukishauza. Mwagizaji wa Luthuli au River Road anamwamini muuzaji wa jumla, huyu anamwamini mwenye kioski wa Kawangware, na wote wanaishi kwa mzunguko wa wiki moja au mbili. Jumanne mji ukifungwa, mwenye kioski haendi kuchukua mzigo, na pia hapeleki malipo ya mzigo uliopita. Alhamisi rafu zake zina mapengo. Wiki inayofuata muuzaji wa jumla, ambaye naye anadaiwa, anabadilisha masharti: pesa kwanza. Hakuna karatasi iliyosainiwa mahali popote, wala hakuna mahakama itakayoamua. Imani tu ndiyo imepungua, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji halisi wa mwenye kioski. Nimeona watu waliofanya kazi pamoja miaka minane wakirudi kwenye pesa taslimu kwa sababu ya wiki mbili za Julai.

Wengi huniuliza kuhusu bima. Bima ya moto ya kawaida kwa biashara haifidii hasara inayotokana na vurugu za kisiasa. Kinga hiyo huuzwa peke yake, kwa ada ya ziada, na hupanda bei pale hasa inapohitajika. Mwekezaji mkubwa ana pa kukimbilia. Hapa hapa Nairobi kuna taasisi ya nchi za Afrika iliyoanzishwa 2001, ATIDI, zamani ikijulikana kama ATI, ambayo kazi yake ni kuwakinga wawekezaji na wakopeshaji dhidi ya hatari za kisiasa. Inafanya kazi ya maana. Lakini mteja wake ni benki au kampuni ya umeme, na mwenye kibanda cha Tom Mboya bima yake ni kufuli, na mlinzi wa usiku anayemjua kwa jina.

Hadi hapa nimesema juu ya barabara. Lakini misukosuko huja pia ndani ya bahasha, kutoka bungeni na mahakamani, na kwa mfanyabiashara sioni hii ya bahasha ikiwa nyepesi kuliko ile ya barabarani. Tazama miaka miwili tu. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni kinyume cha katiba; Machi 2024 tozo ikarudi kwa sheria mpya. Mei 2024 ukaja mswada uliotaka kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani na kutoza magari asilimia 2.5 ya bei yake kila mwaka. Juni 25 waandamanaji wakaingia bungeni, na siku iliyofuata Rais Ruto akakataa kuutia saini. Nchi ikarudi kwenye Sheria ya Fedha ya 2023. Halafu Julai 31 Mahakama ya Rufani ikaifuta hiyo ya 2023 yote, na mwishoni mwa Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha.

Jiweke mahali pa mtu aliyekuwa na kontena njiani kutoka Guangzhou katika miezi hiyo mitatu. Auze kwa bei gani? Akikadiria kodi juu, jirani atamchukulia wateja. Akikadiria chini na mahakama ibadilishe, faida yake itakwenda kwa mtoza ushuru. Wengi walifanya jambo la busara: waliagiza mzigo mdogo. Waliobeza vijana wa 2024 kwamba wanaharibu biashara wangepaswa kuuliza pia ni nani aliyewafundisha wafanyabiashara kutoamini kalenda ya serikali yao wenyewe. Mswada wa Fedha huletwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili na sehemu kubwa ya sheria huanza kutumika Julai 1. Mei na Juni zimekuwa miezi ya kushika pumzi, na mimi naamini kuituliza miezi hiyo, kwa kupanga kodi kwa miaka kadhaa mbele na kuishika ahadi hiyo, kungeleta amani ya biashara kuliko nyaya za miba kwenye barabara za mji.

Kuna pia njia ya riba. Julai 2024, wiki mbili baada ya bunge kuvamiwa, kampuni ya Moody's iliishusha Kenya daraja kutoka B3 hadi Caa1, kwa maana kwamba serikali ingepata shida zaidi kukusanya kodi ya kulipia madeni. Wakati huo hati za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Meneja wa benki anayeweza kuikopesha serikali kwa asilimia 16 bila kutoka ofisini hana haraka ya kwenda Kawangware kukagua kona ya oveni.

Baadaye riba ilishuka. Benki Kuu ilishusha kiwango chake kutoka asilimia 13 ya mwanzoni mwa Agosti 2024 hadi 9.75 kufikia Juni 2025. Kwa mujibu wa vitabu, watu wangekimbilia mikopo. Hawakukimbilia. Mwisho wa 2024 jumla ya mikopo kwa sekta ya kibinafsi ilikuwa chini ya ile ya mwaka uliotangulia. Sehemu ya sababu ni shilingi kupata nguvu na hivyo kupunguza thamani ya mikopo ya dola, lakini nilichokiona mezani kwangu ni watu wenye hesabu nzuri wanaosema "bado".

Wachumi Avinash Dixit na Robert Pindyck waliandika kitabu kizima kuhusu "bado" hiyo mwaka 1994. Hoja yao inaeleweka kwa oveni. Uwekezaji ukiwa hauwezi kurudishwa, na mambo ya kesho yakiwa hayajulikani, kusubiri kuna thamani ya pesa. Anayesubiri hupoteza faida ya miezi michache. Anayeharakisha huenda akapoteza kila kitu. Kwa hiyo hata mradi wenye faida huahirishwa, na kadiri hali inavyoyumba ndivyo faida inavyopaswa kuwa kubwa ili mtu athubutu. Magunia madogo ya unga yanauzika upya hata kwa hasara ndogo. Oveni iliyofungwa kwenye bomba la gesi huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, siku ambayo kila mtu anauza.

Nairobi si Goma, ambako benki zilifungwa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji Januari 2025 na mfanyabiashara akabaki na akiba asiyoweza kuigusa. Wala hatuko tena Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, wakati reli iling'olewa Kibera na mafuta yakaadimika hadi Kampala na Kigali. Ukuaji wa uchumi wetu ulianguka kutoka karibu asilimia 7 mwaka 2007 hadi chini ya 2 mwaka uliofuata, kisha ukainuka. Kuinuka huko kumetufanya tuamini kwamba uchumi huu hauvunjiki. Hauvunjiki kweli, lakini unajifunza umbo. Unajifunza kukaa kwenye mabegi. Nawaona vijana wakiacha vibanda vya mjini na kilemba walichokilipa ili kuvipata, wakauze viatu kwa simu kutoka chumba kimoja Kilimani, na boda ipeleke. Nawaona wenye uwezo wakihamia Westlands, ndani ya majengo yenye ukuta na walinzi. Hao wa simu wameokoa pesa zao, na siwalaumu. Ila chumba cha Kilimani hakiajiri kijana wa kusaidia, wala hakina mashine.

Wiki chache baada ya ziara ile ya Julai nilipita tena steji ya Kongo, nikamweleza mama kwamba riba imeshuka na kwamba benki moja ingekubali oveni yenyewe iwe dhamana. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri kuhusu malipo ya kila mwezi. Kona tuliyoipima kwa kamba sasa ina kreti nne za soda. Akaniambia nisilitupe lile daftari, tutalifungua baada ya Agosti 2027, uchaguzi ukishapita.