Mabingwa wa Dimbwini: Rekodi Tano Katika Safari ya Jeni za Kingamwili

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Maabarani, hata hivyo, chura husikilizwa sana. Kingamwili ni protini zinazonasa vijidudu. Ili kunakili jeni zake, watafiti huchukua ujumbe wa jeni kutoka kwenye bandama, huugeuza kuwa DNA, kisha huupandikiza ndani ya bakteria ili wauzidishe.

Wa kwanza kuingia ndani ya bakteria. Mwaka 1974, kikundi cha Stanley Cohen na Herbert Boyer, Marekani, kilipandikiza jeni za ribosomu za Xenopus laevis, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Hakuna jeni ya mnyama iliyokuwa imetangulia. Njia hiyo ndiyo iliyowafikisha wengine kwenye kingamwili.

Mwenye kromosomu nyingi kupindukia. Xenopus ruwenzoriensis wa magharibi mwa Uganda ana kromosomu 108, seti 12. Binadamu ana 46. Nakala zikifanana hivyo, kutenganisha jeni moja na pacha zake ni kazi ngumu; ndiyo maana wengi humkimbilia Xenopus tropicalis, mwenye seti mbili tu.

Kingamwili fupi yenye siri kubwa. Ndani ya tropicalis huyo, mwaka 2006, ilipatikana IgF. Mnyororo wake mzito una vipande viwili tu visivyobadilika, ilhali IgD, kingamwili nyingine ya chura huyohuyo, ina vinane. Lakini IgF ina bawaba, yaani kiungo kinachopinda, yenye sehemu yake yenyewe katika jeni, jambo lililokuwa likijulikana kwa mamalia tu.

Zinazonolewa kidogo kuliko zetu. Kwa mamalia, nguvu ya kingamwili kunasa adui hupanda mara mia au zaidi baada ya chanjo. Kwa Xenopus haifiki mara kumi, ingawa jeni zake nazo hubadilika.

Maandishi marefu kuliko yote yaliyokuwa yamesomwa. Aksolotli, salamanda wa Mexico, ana herufi za DNA bilioni 32, mara kumi ya zetu. Iliposomwa mwaka 2018, hakuna jenomu kubwa zaidi iliyokuwa imesomwa. Hata hivyo jeni zake za kingamwili zilinakiliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa ujumbe wa jeni ni mfupi hata pale jenomu inapokuwa bahari.

Leo aksolotli wa porini amebaki kwenye mifereji ya Xochimilco, hatarini kabisa kutoweka. Herufi zake tumeshazinakili. Kilichobaki ni kuyalinda maji yake.