Kabla ya Kushusha Giaboksi

Mama mpendwa, familia nyingi za Mbagala na Tegeta husafiri kwa Noah za zamani zenye gia za otomatiki. Gari likichelewa kushika unapoweka D au R, au injini ikivuma bila mwendo kuongezeka, usilipuuze. Likikwama Barabara ya Kilwa mbele ya malori, watoto wamo hatarini.

Huenda fundi akataka giaboksi ishushwe mara moja. Hospitalini hatumpasui mgonjwa kabla ya kumpima. Mwombe apime oili ya giaboksi kwanza: gari liwe mahali tambarare, injini iwe ya moto na inawaka, gia iwe P. Oili nzima kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa imepungua, atafute inapovuja, azibe, ndipo aongeze aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, yaelekea diski za ndani zimekwisha. Hapo oili mpya haitaponya.

Giaboksi ya mtumba msiilipie yote kabla haijafungwa na kujaribiwa barabarani. Luka 14:28 yatufundisha kukadiria gharama kwanza. Kaa na baba watoto, mkadirie, kabla karo haijaguswa.