Jumamosi Mbili za Septemba

Jumamosi ya tarehe 3 Septemba 2016, mji mdogo wa Pawnee katika jimbo la Oklahoma, Marekani, ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.8. Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya mkoa wa Kagera, Tanzania: 5.9. Nyumba zilianguka Bukoba na vijijini, watu zaidi ya 15 wakafariki na mamia wakajeruhiwa. Kwa ukubwa yalikaribiana. Kwa chanzo hayana undugu. La Kagera lilianzia takriban kilomita 40 chini ya ardhi. Hakuna kisima kinachofika huko: shimo lenye kina kirefu kuliko yote duniani, lililochimbwa na Wasovieti katika rasi ya Kola, liliishia kilomita 12 na ushei. La Pawnee lilianzia kilomita chache tu chini, na mkono wa binadamu ulikuwemo.

Visima vya Oklahoma hutoa mafuta pamoja na maji mengi ya chumvi, yasiyofaa kunywesha mifugo wala kumwagwa mtoni. Kampuni ziliyasukuma chini kupitia visima vingine, hadi kwenye miamba iliyokaa juu ya nyufa za kale. Nyufa hizo hutulia kwa sababu uzito wa miamba umezibana. Maji yakiingia kwa shinikizo kubwa, mbano hulegea na ufa huteleza, kama glasi iliyowekwa juu ya meza yenye maji. Jimbo lililozoea tetemeko moja au mawili kwa mwaka ya ukubwa wa 3 na zaidi lilihesabu zaidi ya 900 mwaka 2015. Baada ya Pawnee, mamlaka ziliamuru visima 37 vifungwe.

Anayedhani kuyalaumu maji ya visima ni ubishi mtupu wa wanaharakati asome habari za Rangely, Colorado. Kati ya 1969 na 1973 wanajiolojia wa serikali ya Marekani walipewa nafasi adimu ya kufanya jaribio kwenye uwanja wa mafuta. Walipandisha shinikizo la maji, matetemeko madogo yakaongezeka, wakalishusha, yakapungua. Walirudia, na matokeo yakawa yaleyale.

Kuchota pia kuna madhara yake. Groningen, Uholanzi, gesi ilianza kuchotwa mwaka 1963, mwamba ukasinyaa, nyufa zikacheza. Tetemeko la Huizinge la mwaka 2012 lilikuwa la 3.6 tu, lakini lilikuwa karibu sana na uso wa ardhi, na kuta za matofali zikapasuka. Uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2023.

Sasa turudi Tanzania, hadi Mitundu. Kata hii ya Halmashauri ya Itigi, mkoani Singida, kwenye barabara ya Itigi kwenda Rungwa, haina kisima cha mafuta hata kimoja. Ardhi ikitikisika hapo, wa kwanza kushukiwa ni Bonde la Ufa lenyewe, ambalo tawi lake la mashariki linatawanyika katikati ya Tanzania. Lakini kaskazini, katika mkoa huohuo, Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC) limekuwa likitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere. Utafiti wenyewe hautishi: mawimbi yanayotumwa chini kuchora tabaka za miamba ni hafifu mno kufungua ufa. Swali huja siku mafuta yakipatikana, maji machafu yakahitaji pa kwenda.

Uganda imeshafika hapo. Mradi wa Tilenga, kando ya Ziwa Albert, umepangiwa zaidi ya visima 400, na baadhi ni vya kusukuma maji chini, katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako tetemeko la Toro la mwaka 1966 liliua watu zaidi ya 100.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, fedha za vipima-tetemeko Wembere zitumike kabla ya keekee kuanza. Groningen walibishana miaka kadhaa kama gesi inahusika. Penye Bonde la Ufa ubishi utakuwa mgumu zaidi, kwani ardhi hutetemeka bila kusukumwa na mtu. Bila rekodi za miaka ya kabla, mkulima mwenye ukuta uliopasuka atasema ni kisima, kampuni itasema ni bonde, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, haitakuwa na cha kulinganisha.

Mitundu iko mbali na Wembere, na matetemeko ya visima kwa kawaida hutokea ndani ya makumi machache ya kilomita kutoka kisimani. Kwa wakazi wake, kilichoonekana Bukoba kina uzito zaidi: nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila nondo.