Kidonge cha Sonona na Kano ya Kisigino

Mwaka 1983 jarida la madaktari wa New Zealand lilichapisha taarifa fupi. Wagonjwa waliopandikizwa figo, waliokuwa wakimeza dawa mpya ya bakteria iitwayo norfloksasini, walikuwa wamepata maumivu ya kano ya kisigino, ile inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Nani angedhani kwamba dawa inayotibu maambukizi ya mkojo ingemfanya mtu achechemee? Taarifa nyingine zikafuata, nyingi zikitoka Ufaransa: kano zilizovimba, na nyingine zilizokatika kabisa. Hata hivyo, miaka 25 ilipita. Ilikuwa Julai 2008 ndipo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoagiza dawa zote za jamii hiyo, pamoja na siprofloksasini, zibebe onyo kali kuliko yote, lile linalochapwa ndani ya kisanduku.

Kisa hicho ni kipimo kizuri kwa yeyote anayejiuliza kama dawa za sonona nazo zinaweza kuumiza kano. Kwa upande wa siprofloksasini ushahidi umejaa: maumivu huanza mara nyingi ndani ya siku chache, hatari hupanda kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi, na maabara zimeonyesha jinsi dawa hiyo inavyoamsha vimeng'enya vinavyovunja kolajeni, yaani protini inayoipa kano nguvu. Kwa upande wa dawa za sonona, ushahidi wa namna hiyo haupo. Kuna dalili, kuna taarifa za hapa na pale, na kuna maswali.

Kwanza kano yenyewe, kwa kuwa tabia yake ndiyo inayoleta utata. Watafiti wa Denmark waliichunguza kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalizidisha kaboni-14 angani. Kaboni hiyo ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na hatimaye kwenye miili ya watu wote waliokuwa hai. Kwa kuwa kiwango chake kilipanda kisha kikashuka mwaka hadi mwaka, kipande cha mwili kinaweza kusomwa kama hati yenye tarehe. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba sehemu ya kati ya kano ya kisigino hujengwa mpaka mtu afikie umri wa miaka 17 hivi, kisha karibu haifanywi upya tena. Misuli ya watu hao hao ilikuwa ikijifanya upya miaka yote. Mzee wa miaka 60 anatembelea kano aliyoijenga akiwa shuleni.

Ndiyo maana kano ikiumia hupona kwa miezi, si kwa siku. Na ndiyo maana ni vigumu kumkamata mkosaji: maumivu ya leo yanaweza kuwa yametokana na mzigo wa wiki nyingi zilizopita.

Sasa vidonge. Fluoksetini, iliyopata umaarufu kwa jina la Prozac, iliidhinishwa Marekani Desemba 1987. Karatasi yake ya maelezo iliyotumika huko kwa miaka mingi ilikuwa na orodha ndefu ya matatizo yaliyoonekana kwa watumiaji wakati wa majaribio, na miongoni mwa yale yasiyotokea mara nyingi ulikuwemo uvimbe wa ala inayofunika kano. Lakini karatasi hiyo hiyo ilitahadharisha kwamba tatizo kuonekana wakati mtu anatumia dawa si lazima liwe limesababishwa na dawa. Maumivu ya viungo, kwa upande wake, yametajwa Uingereza kuwa ni maudhi yanayowapata watumiaji wengi kiasi.

Njia ambazo dawa ingeweza kupitia zipo. Serotonini, kemikali ambayo dawa hizi huigusa, si mali ya ubongo peke yake. Takriban asilimia 90 yake iko tumboni, na chembe sahani za damu, ambazo huwahi kufika penye jeraha, huibeba. Fluoksetini na ndugu zake huzipunguzia chembe hizo akiba yake. Isitoshe, baadhi ya watumiaji husaga meno au hukaza taya bila kujijua, na misuli inayokazwa huvuta kano. Yote hayo yanaingia akilini. Kuingia akilini, hata hivyo, hakutoshi.

Tena kuna mgongano unaochekesha kidogo: madaktari huandika baadhi ya dawa za sonona ili kutuliza maumivu. Amitriptilini, ya kizazi cha zamani, hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Duloksetini ilianza kwa sonona mwaka 2004, na mwaka 2010 FDA ikairuhusu kwa maumivu sugu ya misuli na mifupa.

Mwaka 1981 Naranjo na wenzake wa Toronto walitunga dodoso la maswali 10 la kupima kama dawa ndiyo yenye lawama. Tumchukue mtu wa kubuni aliyeanza fluoksetini, na mwezi uliofuata kisigino kikaanza kumuuma. Maumivu yamekuja baada ya dawa: alama 2. Lakini nafuu ilipoanza kumrudia, aliinuka kitandani akaanza kukimbia kila asubuhi, jambo linaloweza kuumiza kano lenyewe: inatolewa alama 1. Akiacha dawa na maumivu yakapungua, anaongezewa 1. Akiirudia na maumivu yakarudi, 2. Jumla ni 4, na alama 1 hadi 4 maana yake ni “inawezekana” tu. Laiti asingekimbia, badala ya kutolewa alama 1 angeongezewa 2 kwa kukosa chanzo kingine, naye angefika 7, yaani “kuna uwezekano mkubwa”.

Jaribio la kuacha nalo lina mitego. Fluoksetini na zao lake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kisigino kinachopoa siku moja baada ya kidonge cha mwisho hakina cha kuidai dawa hiyo. Dawa zinazotoka haraka, kama paroksetini, zikikatishwa ghafla huleta kizunguzungu, hisia za shoti ya umeme kichwani na hata maumivu ya misuli, mbali na hatari ya sonona kurudi. Kuacha kunapangwa na daktari, kidogo kidogo.

Kabla ya kuacha chochote, swali la kwanza Dar es Salaam au Mombasa liwe hili: mgonjwa amemeza nini kingine? Siprofloksasini, au sipro kwa kifupi, hununuliwa duka la dawa bila cheti, kwa UTI au kwa homa ya matumbo, na wengi hawaitaji kliniki kwa sababu dozi ilikwisha zamani. Kumbe kano inaweza kuumia hata miezi kadhaa baada ya dozi. Anayeimeza bado na kano ikaanza kuuma anatakiwa asitishe na kumwona daktari. Aliyesikia kitu kikikatika kisiginoni na hawezi kusimama kwa vidole vya mguu huo aende hospitali siku hiyo hiyo. Tena sipro huzuia ini kuivunja duloksetini, kiasi kwamba watengenezaji wameonya zisitumiwe pamoja.

Mashaka yanayobaki yanaweza kuripotiwa, mamlaka ya dawa TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, ambako taarifa huendelea hadi hifadhidata ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Sweden. Taarifa yenye manufaa hutaja dawa zote, hata zilizonunuliwa bila cheti, tarehe ya kuanza kila moja, tarehe ya maumivu, na kama mtu alikuwa anakimbia.