Kidude cha Kwenye Soketi Hakipunguzi LUKU

Swali ni lilelile, na wiki iliyopita nimeulizwa mara nne: "Fundi, vile vidude vya kupunguza umeme wa LUKU, kipi kizuri?" Muulizaji ameshavuka hatua ya kujiuliza kama kinafanya kazi, anataka tu nimchagulie. Basi leo najibu kwa maandishi: hakuna kizuri. Cha taa ya kijani na cha taa ya bluu, kikubwa na kidogo, vyote havipunguzi uniti hata moja nyumbani kwako.

Mama mmoja wa Tabata ndiye aliyenisukuma kuandika. Alinunua cha kwanza kwa shilingi 35,000, uniti zikaendelea kukimbia. Muuzaji akamwambia nyumba yake ni kubwa, inataka viwili. Akaongeza cha pili. Siku aliponiita, kimoja kilikuwa sebuleni, kingine jikoni, taa zinawaka vizuri, na mita imebakiwa na uniti 3. Zile shilingi 70,000 zingempa karibu uniti 196 kwa bei ya kawaida. Nilikifungua kimoja mezani mbele yake. Ndani mlikuwa na kapasita moja, kipande cha bodi chenye vipuri vichache, na kitaa. Kapasita yenyewe ilikuwa imeanza kuvimba kwa joto, kwa hiyo mbali na kumla pesa, kile kitu kilikuwa kinamtafutia moto ukutani.

Msimcheke. Muuzaji haji mikono mitupu. Anakuja na kile kipimo cha kubana waya, anawasha feni au mota ndogo, kipimo kinasoma, tuseme, ampea 1. Anachomeka kidude, namba inashuka hadi 0.6. Watu wameona kwa macho yao, na namba haikuwadanganya: ampea zimeshuka kweli. Lakini LUKU haiuzi ampea.

Hapa naomba utulivu kidogo, maana ndipo pesa zinapopotelea. Mota ya feni, friji au pampu huvuta umeme wa namna mbili kwa wakati mmoja. Upo unaobaki na kufanya kazi: unazungusha panga la feni, unasukuma maji, unageuka joto. Na upo unaokwenda na kurudi kwenye waya, ukiijenga sumaku ya mota na kuibomoa, kisha unarudi ulikotoka. Kapasita inaupa huo wa pili mahali pa karibu pa kuzungukia, ndiyo maana waya unaobanwa na kipimo unaonyesha ampea pungufu. Ule wa kwanza haukuguswa. Feni inazunguka vilevile, na inachukua nguvu ileile.

Mita yako inahesabu ule wa kwanza peke yake. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja, basi. Mangi wa dukani haandiki kwenye daftari mtoto aliyeingia na kutoka mikono mitupu. Anaandika kilo ya sukari iliyotoka. Kidude kinapunguza watoto wanaopita mlangoni. Sukari inatoka ileile. Na kwa pasi, birika la umeme au hita, hata watoto wa kupita hawapo kabisa. Kidude hakina cha kupunguza.

Kiwandani ni habari nyingine. Wateja wakubwa wa TANESCO hutozwa pia kwa kVA, yaani kwa mzigo wote wanaouweka kwenye laini, ukiwemo ule wa kwenda na kurudi. Huko mabenki ya kapasita yanaokoa pesa halali, na mimi mwenyewe nimeyafunga. Wauzaji wamechukua ukweli wa kiwandani wakauleta sebuleni, ambako bili hiyo haipo.

Huniamini? Nenda kwenye mita. Usoni pana kitaa kinachopepesa, na karibu yake maandishi kama 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1,000 umekula uniti moja. Zima kila kitu, chomoa na friji, acha birika la wati 2,000 lenye maji, uhesabu kwa dakika moja: utapata kama 33. Rudia na kidude kikiwa kwenye soketi. Fanya hivyo kwa feni pia. Ya wati 60 itapepesa kama mara moja kila dakika, kiwepo kidude au kisiwepo. Muuzaji akija kwako, mwambie aweke kipimo chake begini na mwende wote mkahesabu kwenye mita. Bado sijakutana na aliyekubali.

Na wale wanaosema mita zilianza kula zaidi baada ya kuingiza zile namba za ziada mwaka 2024: hapana. Kila tokeni hubeba ndani yake dakika ilipotengenezwa, dakika zikihesabiwa tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Zile namba zilianzisha hesabu upya, dunia nzima yenye mita za aina hii. Upimaji wa umeme haukuguswa. Sumaku juu ya mita nayo iacheni. Ni kosa la jinai.

Umeme wa mama wa Tabata ulikuwa unaishia bafuni. Hita ya kuogea ya papo kwa papo, wati 5,500, hula karibu uniti moja kwa dakika 10. Watu watano, kila mmoja anaoga mara moja kwa siku: uniti zaidi ya 130 kwa mwezi kabla hujawasha taa hata moja.

Sasa la kufanya, haraka haraka. Bei ya kawaida, T1, ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, unafika 356. Hivyo 10,000 ni uniti 28, na ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Ndiyo maana uniti hutofautiana. Saa ya kununua haihusiki, usiku wala alfajiri. Kama matumizi yako hayazidi uniti 75 kwa mwezi, kaombe D1: 75 kwa shilingi 9,150, zinazozidi hutozwa 350 kila moja kabla ya kodi. Wapangaji watatu kwenye mita moja ni vigumu kubaki humo, kwa hiyo ombeni kila mmoja mita yake na ugomvi wa kuchangia utaisha. Badilisha mpira wa mlango wa friji uliolegea. Maharage yapike kwenye jiko la presha la umeme, hayamalizi uniti moja. Andika salio la mita saa ileile kila jioni, kwa wiki mbili, utajua siku gani inakula na nani yuko nyumbani.

Mwisho, zima na chomoa kila kitu, meinsiwichi ikiwa imewashwa. Kitaa kikiendelea kupepesa, waya unavuja au kuna mtu amejiunga kwako. Ita fundi mwenye leseni. Kikipepesa hata baada ya kuzima meinsiwichi, usiguse chochote, piga simu TANESCO.